Aliyeamka wa Kwanza

Mokami aliandika vitu saba vya kuamshwa, na asubuhi vikaamka vinane.

Alivihesabu kwenye skrini ya kompyuta kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayehesabu kuku bandani. Saa. Diski. Kumbukumbu za matukio. Waya wa mtandao. Printa. Mlinzi wa betri. Daftari. Hivyo ndivyo alivyoviandika jana yake, kimoja kwa kila mstari, na hakuna mtu mwingine aliyegusa, kwa sababu mfumo ule wote, tangu punje ya kwanza, aliujenga yeye. Chini ya Daftari palikuwa na mstari wa nane. Haukuwa na jina. Ulikuwa na kistari kifupi, na mbele yake neno ambalo yeye mwenyewe aliliweka kwa ajili ya kitu ambacho hakijamaliza kuamka: inangoja.

"Nimekosea kuandika," alijiambia.

Akafungua faili. Mistari saba. Akazima, akawasha. Nane.

Ndipo akasikia harufu. Udongo mbichi na baruti. Pembeni ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, harufu ya baruti si kitu cha kumshangaza mtu, lakini siku hiyo ilikuwa Jumapili, watu wako makanisani, na hakuna aliyelipua mwamba tangu Ijumaa.

Chumba kile cha bati kilikuwa ofisi ya kikundi cha wachimbaji wadogo, nyuma ya kilima, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Kewanja. Duara lao lilishuka wima mita arobaini, kisha likagawanyika matawi mawili, la kaskazini na la kusini, yote yakishikiliwa na matimba, nguzo za mikaratusi. Kazi ya Mokami ilikuwa moja tu: anayeshuka aandikwe ameingia, anayepanda aandikwe ametoka. Jioni, kabla ya mdomo wa duara kufungwa, Daftari lisome sifuri chini. Wachimbaji waliamini namba ile kuliko walivyoamini kamba.

Radi ya mwezi wa tano iliua kompyuta ya zamani. Mwenyekiti Werema akaleta nyingine kuukuu, yenye kumbukumbu kiduchu, iliyokuwa imekaa stoo mpaka mende wakazaa ndani. Umeme ulikuwa wa sola na betri ya trekta, unakatika mara nne kwa siku, na kila ukirudi mashine ilitakiwa iamke yenyewe bila kubembelezwa. Mfumo wa kawaida ulichukua dakika saba kuamka. Ndani ya dakika saba watu kumi wameshashuka bila kuandikwa. Kwa hiyo Mokami akaamua kujenga mfumo wake mwenyewe wa Linux, mdogo, wa kazi hiyo moja.

Aliyemshauri kwa simu alikuwa Benedicto. Walisoma pamoja Musoma, na sasa alikuwa anafundisha kompyuta mjini Tarime.

"Ya kuamshia chukua systemd," Benedicto alisema. "Kila fundi anaijua. Ukiumwa, mwingine atakuja ataendelea."

"Kwa mashine hii? Ni kumfunga punda trela."

"Basi sysvinit, ya wazee."

"Maandishi mengi. Nataka kitu ninachoweza kukisoma chote mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho."

Akaikata kernel, ile punje ya katikati ya mfumo. Alitoa sauti, alitoa kamera, alitoa kila kitu ambacho mdomo wa shimo hauhitaji. Hata kispika kidogo cha ndani ya boksi alikichomoa kwa koleo. Akachagua maktaba ndogo ya programu, musl, badala ya ile nene, na juu yake BusyBox, ambayo ni kama kisu kimoja chenye makali mengi. Kilichobaki ni kile cha kuamsha vingine vyote.

"Hapo usiharakishe, dada," Benedicto alimwambia. "Mengine yote utayabadilisha ukitaka. Lakini anayeamka wa kwanza ndiye anayewaamsha wengine, na ndiye wa mwisho kulala. Huyo ndiye mwenye mji. Mtoto yeyote asiye na mzazi ndani ya mashine anahamia kwake. Na mtoto akifa, mzazi lazima aje apokee kifo chake, ndipo jina lifutwe kwenye orodha. Mzazi asipokuja, jina linabaki. Amekufa, lakini yupo."

Mokami akasema atatumia kile kidogo kinachokuja na BusyBox, akaaga, akakata simu.

Jumatatu walishuka watu kumi na saba, akiwemo Mseti, mdogo wake wa tumbo moja, aliyefanya kazi tawi la kusini. Mokami aliwaandika kwa mkono wake. Saa kumi na moja jioni walipanda kumi na saba, wamejaa vumbi, wanacheka, wanaomba maji. Aliwaandika wote wametoka. Mseti alikuwa wa mwisho.

Daftari likasema: Chini, 1.

Akapitia majina. Kila aliyeingia ametoka. Akafuta hesabu, akabonyeza tena. Chini, 1. Na wakati ameinama hivyo, pua karibu na skrini, boksi la kompyuta likagonga. Ko. Ko. Ko. Kama mgongo wa kidole juu ya mti. Likatulia, kisha likarudia. Ko. Ko. Ko.

Mashine isiyo na sauti, isiyo na kispika.

Na kwa wachimbaji wa pale, mapigo matatu yalikuwa na maana moja. Aliyefukiwa hugonga matimba mara tatu: nipo.

"Ni nini hicho?" Werema alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwili mkubwa, kofia ya plastiki ya njano haitoki kichwani hata akila.

"Shikamoo, mwenyekiti. Daftari linasema mmoja yuko chini."

"Wametoka wote. Nimewahesabu mimi."

"Hata mimi nimewahesabu."

Werema akaingia, akaangalia skrini. Uso wake ukawa wa rangi ya majivu ya kuni mbichi. Hakuuliza ni nani. Hilo ndilo Mokami aliliona, kwamba hakuuliza ni nani.

"Futa," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimefuta, mwenyekiti. Inarudi."

"Basi futa tena. Si umezoea?"

Akatoka. Mokami akabaki amekaa na neno hilo, umezoea, limemkwama kama mwiba wa sato.

Kwani ilikuwa kweli. Mwezi wa nne, wiki ya mvua kubwa, walishuka kumi na wanane. Wa kumi na nane alikuwa Konstantino, kijana wa Kibondo, aliyekuja kufuata dhahabu na begi moja la mgongoni. Pale hakuwa na ndugu wala ukoo. Kila asubuhi alisimama dirishani mpaka aone jina lake limeandikwa. "Andika vizuri, dada," alikuwa anasema. "Kwetu ni mbali. Hili jina ndilo ndugu yangu hapa." Siku ile alikuwa peke yake tawi la kaskazini, nalo liliporomoka saa nane mchana. Walipanda kumi na saba. Mkaguzi wa migodi alikuwa anakuja kesho yake asubuhi, na Werema alimjia Mokami mvua inanyesha, anahema.

"Konstantino aliaga jana. Amepanda basi kwenda kwao. Futa jina lake, mkaguzi asije akadhani tuna mtu chini akatufungia."

Mokami alikuwa amemwandika Konstantino asubuhi ile ile, saa kumi na mbili na dakika kumi. Alimwona akifunga kamba kiunoni. Alijua. Lakini duara likifungwa, Mseti angerudi kukaa bure nyumbani, na wanaume wote wa pale wangejua kwamba ni yeye, mwanamke wa kompyuta, aliyelifungisha. Na Werema alikuwa amesimama juu yake, maji yanamdondoka kwenye kofia. Mokami aliangalia kibodi, hakuangalia uso wa mtu. Akafuta. Daftari likasoma sifuri, na kwa kuwa lilisoma sifuri, hakuna aliyetafuta.

Sasa alijidanganya kwamba ni programu. Mtu akiogopa hushika kile anachokijua. Alitupa kile cha kuamsha cha BusyBox, akaandika chake mwenyewe cha mistari kumi na miwili, kifupi kama sala ya mtoto, kisicho na mahali pa kujificha hata kunguni. Mashine ikaamka. Mstari wa nane ukawa wa tano. Akaandika upya. Ukawa wa tatu. Kila alipobadilisha, kile kitu kilipanda ngazi moja, polepole, kama mtu anayepanda shimo bila kamba.

Alhamisi Benedicto alikuja kwa pikipiki, amebeba diski mpya ndani ya mfuko wa unga.

"Hii nimeijenga nyumbani kwangu," alisema. "Kernel yangu, runit yangu ya kuamshia, hakuna faili hata moja lililotoka kwenye mashine yako. Kama ni kirusi, kimebaki huko."

Ilikuwa saa sita na nusu, jua la utosi, bati linalia kwa joto, kivuli cha kila kitu kimejikunja chini yake. Wazee husema saa hiyo nayo ina watu wake. Benedicto alifunga diski mpya, akawasha, na wakainama pamoja kusoma majina ya walioamka, na mji wa ndani ya mashine ukajipanga mbele yao kama alivyoujenga, saa na diski na printa na vingine vyote mahali pake, isipokuwa kwamba mahali pa namba moja, pale ambapo hakuna mashine duniani inayoweza kumweka mwingine ila yule aliyewekwa na mjenzi, palikuwa na jina la mtu, limeandikwa vizuri, herufi kwa herufi: konstantino. Na wote saba walikuwa watoto wake.

"Konstantino ni nani?" Benedicto aliuliza.

Mokami aliangalia kibodi.

Benedicto akaandika amri ya kumuua wa kwanza. Haikufanya kitu. "Najua," alisema, kama anayeongea na mtu mwingine. "Wa kwanza hauawi kwa amri. Najua." Akaenda kwenye betri, akang'oa waya. Skrini ikazima, feni ikapunguza mwendo, ikasimama, na wote wawili wakashusha pumzi.

Kisha Mokami akaona boksi linatoa jasho. Katika joto lile la kukausha mate mdomoni, bati la kompyuta lilikuwa limelowa matone ya baridi, na matone yakaungana, yakateremka, na yalipofika ukingo wa meza hayakuwa tena maji bali tope jekundu, tope la chini kabisa ambalo wachimbaji hupanda nalo kwenye viatu, likidondoka tone moja moja juu ya sakafu ambayo haijawahi kulowa tangu mvua ziishe, na ndani ya boksi lisilo na umeme wala sauti kile kitu kikaanza kugonga, mara tatu, kikatulia, mara tatu, kikatulia, kwa uvumilivu wa mtu ambaye hana hasira hata kidogo, anayejua tu kwamba upande wa pili kuna watu na mapema au baadaye watasikia.

Benedicto alirudi nyuma mpaka mlangoni. "Dada," alinong'ona, "mimi nilisomea kompyuta. Hiki sikukisomea." Akawasha pikipiki, na diski yake hakuichukua.

Jioni hiyo Mseti alipanda kabla ya wenzake. Alikuja dirishani, akaegemea.

"Dada, nani yuko tawi la kaskazini?"

"Hakuna mtu kaskazini. Limefukiwa."

"Tunasikia mtu anagonga nyuma ya ukuta. Watu wote wamesikia. Mwezi wa nne pia nilisikia, siku nyingi mfululizo, nikamwambia mwenyekiti. Akasema mawe yanajipanga." Alimtazama. "Wewe ndiye unaandika. Kuna mtu?"

Mokami alisema hapana. Alimwambia mdogo wake hapana, macho kwa macho, na alipolisema alisikia ladha ya udongo mdomoni.

Kesho yake watu walikataa kushuka. Werema, alipoona duara limelala, akatuma pikipiki kwenda Susuni kumleta mganga, mama mmoja anaitwa Luciana. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini, mabuti ya mpira mguuni, rozari shingoni, mfuko wa dawa begani. Kabla ya uganga alikuwa ameosha maiti hospitalini miaka ishirini, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kama anayempima urefu.

"Shikamoo, mama," Mokami alimwamkia.

"Marahaba. Nani anakaa kwenye kiti hiki?"

"Mimi."

"Basi wewe baki. Na wewe mwenyekiti, baki. Wengine nje."

Hakuchoma kitu. Aliweka kiganja juu ya boksi, akakiacha muda mrefu, kisha akanusa vidole vyake.

"Mmeniitia jini," alisema. "Hili siyo jini."

"Mama, watu wamesikia," Werema alisema. "Toa hicho kitu, mambo mengine tutaongea."

"Majini nayajua mimi. Jini linataka ubani, linataka nguo, linataka damu, likikosa linavunja vyombo. Hiki hakijavunja kitu. Hakijataka kitu. Kinangoja." Akageuka. "Kinachongoja ni mtu. Mmemwacha wapi?"

Ndani ya boksi kikagonga mara tatu, taratibu, na Luciana akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesalimiwa.

"Nani alimwandika?"

"Mimi," Mokami alisema.

"Nani alimfuta?"

"Mimi."

"Nyamaza wewe!" Werema alipiga meza. "Mama, unafukuza au hufukuzi?"

"Mimi nafukuza kilichoingia," Luciana alisema, akichukua mfuko wake. "Siwezi kufukuza ambaye nyinyi hamjamtoa."

Alipokwisha kuondoka, Werema alisimama mlangoni akitazama mdomo wa duara. "Kesho tunajaza tawi la kaskazini mawe," alisema, "na juu yake saruji. Wakigonga, wagonge saruji. Na wewe, mwanangu, kumbuka kidole kilichofuta ni cha nani. Siyo changu."

Hiyo ilikuwa kweli pia, na ndiyo iliyomfungua Mokami. Alfajiri, wachimbaji walipokusanyika na makoleo wakiambiwa wanakwenda kujaza mawe, alitoka ofisini akasimama juu ya rundo la kifusi. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Konstantino hakwenda kwao. Yuko kaskazini. Mwenyekiti aliniambia nifute jina, na mimi nilijua, nikafuta."

Upande wa pili wa kilima karasha lilisikika likisaga mawe. Alitegemea wampige. Hakuna aliyempiga. Walimtazama tu, mmoja mmoja, halafu wakaacha kumtazama, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mseti alikuwa wa kwanza kufunga kamba.

Walichimba siku tatu kwa zamu. Siku ya kwanza Werema alikuwepo, anapiga kelele; siku ya pili hakuonekana, na waliotoka Sirari walisema amevuka mpaka na begi. Siku ya tatu, saa tisa mchana, Mseti alivunja ukuta wa mwisho. Nyuma yake palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kukaa, si kusimama. Matimba mawili yalikuwa yameegemeana na kushika mwamba. Jiwe halikumgusa Konstantino hata ukucha.

Mseti alipanda na kipande cha timba. Hakumpa dada yake mkononi. Alikiweka chini, mbele ya miguu yake, akaenda zake.

Mti ulikuwa umekwanguliwa kwa msumari. Juu, herufi zilizonyooka: KONSTANTINO AMEINGIA. Chini yake mistari mifupi, mmoja kwa kila mlipuko wa mchana aliousikia kutoka tawi la kusini, ambako wenzake waliendelea na kazi hatua ishirini kutoka alipokaa. Mistari ilikuwa kumi na mmoja. Ile ya mwisho imepinda. Na pembeni kabisa, herufi zikiwa zimeanza kuangukiana: DADA ANDIKA NIPO.

Walimzika Kewanja, kwenye kipande cha ardhi kilichotolewa na kanisa. Polisi walikuja, wakamwandika Mokami maelezo kurasa nne, wakasema watamwita. Luciana alikuwa amerudi bila kuitwa, akamwosha maiti mwenyewe, na baada ya mazishi akamshika Mokami mkono mpaka ofisini.

"Sasa mwandike."

Mokami akawasha mashine. Namba moja bado ilikuwa jina lile. Akafungua Daftari, akamrudisha Konstantino kwenye tarehe yake ya mwezi wa nne, ameingia saa kumi na mbili na dakika kumi, na mbele yake akaandika: amefariki, amepandishwa, amezikwa. Vidole vilikuwa vizito kama vya mlevi. Alipobonyeza, skrini ikapepesa mara moja. Walioamka wakawa wale aliowaweka mjenzi, wala hapakuwa na jina la mtu. Boksi likawa kavu. Harufu ikaondoka, na nje mbuzi wa watu wakasikika wanalia.

Mokami akalia naye.

"Hapa pametulia," Luciana alisema. "Lakini wewe siyo mama yake. Kumwandika umemwandika. Kifo cha mtoto hupokelewa na aliyemzaa. Mpigie leo."

"Nitampigia, mama."

"Nimesema leo. Asiyepokelewa kwao atajipeleka mwenyewe."

Namba ilikuwepo. Ilikuwa kwenye Daftari la zamani, kwenye karatasi iliyochapwa siku Konstantino alipoanza kazi, mahali pa mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo. Mokami alikuwa nayo muda wote. Hakupiga siku ile. Alisema anatafuta maneno. Kesho yake alisema mtandao unasumbua. Polisi walipomuuliza kama ndugu wamearifiwa alisema ndiyo, na uongo huo ukawa mwepesi kuliko wa kwanza. Duara lilifungwa. Mseti alihamia Gorong'a kuchunga ng'ombe wa mjomba wao, na alipopita Kewanja hakula chakula cha dada yake, alikunywa maji ya kisimani akaondoka. Wanawake sokoni walimjibu salamu, wakarudi kwenye nyanya zao. Mwezi wa sita ukaisha, wa saba ukapita.

Mwezi wa nane, Jumamosi moja saa nne asubuhi, alichoka. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba, kukiwa na jua zuri na nguo zake zimeanikwa, akaibonyeza namba ile ya Kibondo. Iliita kidogo tu.

"Haloo," sauti ya mama mtu mzima, yenye pumzi.

"Shikamoo, mama. Mimi ninaitwa Mokami, napiga kutoka Tarime, Mara. Nilikuwa kazini na Konstantino."

"Aaa! Marahaba, marahaba, mwanangu!" Yule mama alicheka kwa furaha ya kweli. "Wewe ndiye dada wa ofisini?"

Mokami alishika ukingo wa ngazi. "Mama, nilitaka kukwambia habari ya Konstantino. Ni habari mbaya, naomba ukae chini."

"Habari gani tena, mwanangu? Amefika. Ana wiki mbili hapa."

Nguo zilipepea kwenye kamba, zikatulia.

"Amekonda," mama aliendelea, na sasa sauti ilishuka, kama anayetoa siri ya nyumba. "Chakula hagusi. Ukimwekea godoro analala chini, na asubuhi pale alipolala nakuta tope, na huku kwetu mvua bado. Anasema ni uchovu wa kutembea, maana alikuja kwa miguu. Lakini amefika, namshukuru Mungu. Kila siku anakaa uani anatazama njia, namuuliza unamngoja nani, ananiambia dada wa ofisini. Anasema hajaandikwa kutoka, mpaka uje umwandike mwenyewe. Utakuja lini?"

Mokami alifungua mdomo. Maneno aliyoyatafuta miezi miwili yote yalikuwepo, yamejipanga, amekufa, tumemzika, nisamehe, na hakuna hata moja ambalo angeweza kumpa mama yule.

"Ngoja, usikate, nikuitie," mama alisema.

"Mama, hapana. Mama..."

Lakini simu ilikuwa imeshawekwa juu ya kitu. Mokami alisikia ndala zikiburuzwa kuelekea nje, kuku wakitawanyika, na yule mama akiita jina la mwanawe kwa sauti ya juu, isiyo na wasiwasi, sauti ya mama anayemwita mtu aje kula.

Na kule uani mtu akaitika.